Bakuli moja la kunawa na wadogo zangu wawili

Kamwene, wakuu. Wadogo mlioniamkia kwenye uzi uliopita, marahaba.

Hiki ni kisa cha nyumbani kwetu Mbeya, miaka ya hamsini. Sitaongeza chumvi. Umri nilionao, uongo utanisaidia nini?

Nimechokozwa na mjukuu wangu. Amekuja likizo na kitu anakiita clean eating: parachichi, mbegu sijui za nini, sukari hataki kuiona. Vizuri tu. Ila kabla ya kula hanawi, anajipangusa kwenye suruali! Nikamwambia keti hapa, nikusimulie.

Baba alikuwa seremala, Mhehe wa Iringa aliyefuata kazi Mbeya. Mkali, mchapa kazi, neno lake halirudiwi.

Chakula kilikuwa safi kuliko hicho cha mjukuu wangu. Ugali wa ulezi, maharage, mboga za majani toka shambani, maziwa ya mgando. Ila Mbeya ile baridi yake tusitaniane. Mama alikuwa anachemsha maji ya kunawa, anayamimina kwenye bakuli moja, basi. Kuni hazikuokotwa mlangoni.

Bakuli lilikuwa na utaratibu wake. Baba kwanza, katoka kwenye gundi na vumbi la mbao. Kama kuna mgeni, mgeni. Kisha mama, kisha mimi Roza, mtoto wa kwanza, kisha wadogo zangu, mwisho mdogo kuliko wote. Ndiyo ilikuwa heshima.

Wa mwisho alikuwa mdogo wangu Eliya. Akaanza kuharisha, siku chache tu, akafariki. Majirani wakasema jicho la watu. Tukazika.

Baada ya msiba, wa mwisho akawa dada yake aliyemtangulia, Tumaini, binti wa miaka mitatu.

Mwaka haukuisha, na yeye akaanza kuharisha. Safari hii mama hakungoja mtu aseme neno. Alimfunga mgongoni, akaenda naye hospitali kwa miguu, wakalazwa.

Nesi mmoja, mama mtu mzima wa Kinyakyusa, akamuuliza kwetu tunanawaje. Mama akaeleza, tena kwa kujivuna, maana kuna nyumba walikuwa hawanawi kabisa.

Nesi akauliza, "Na huyu mtoto ananawa wa ngapi?"

Haya aliniambia mama mwenyewe. Alilia mpaka wagonjwa wengine wakaanza kumpa pole, wakidhani mtoto amekufa.

Tumaini akapata nafuu, wakarudi. Siku hiyo baba mkubwa alikuwa amefika toka Iringa kutupa pole. Ugali umetengwa, wanaume wameketi, wananyoosha mikono wakisubiri bakuli.

Mama akaja na kopo la maji ya moto. Akawapita wote wawili. Akachuchumaa kwa Tumaini, akammiminia mikononi, maji machafu yakaanguka chini.

Weee! Baba mkubwa akasema, "Kumbe siku hizi mwenye nyumba ni mtoto?"

Baba akasimama. "Unaniaibisha mbele ya kaka yangu?"

Mama hakuinuka. Akasema taratibu, "Baba Roza, Eliya alinawa uchafu wa mikono yetu sote. Huyu hatanawa."

Tangu mazishi, jina la Eliya lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile. Baba alitoka nje, chakula hakukigusa. Niliogopa sana. Nilijua mama atapigwa, au atarudishwa kwao.

Kesho yake jioni baba alirudi toka kazini, hakusalimia mtu. Akaingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona. Akatoka na lile kopo. Akapiga magoti, mwanaume yule, akamnawisha Tumaini kidole kimoja kimoja. Kisha mama. Kisha mimi. Baba mkubwa akapokea maji yake. Baba akanawa mwisho.

Hakuomba msamaha, wala hatukuongea habari ile tena. Ila mpaka anakufa, kwake kila mtu alimiminiwa maji yake, na mtoto ndiye aliyeanza.

Tumaini yupo Iringa, ana wajukuu, na mdomo wake hauna breki.

Sasa lile lililonifanya niandike, na yeye sijawahi kumwambia.

Aliyekuwa anazungusha bakuli ni mimi. Wakubwa walinawa wakiendelea na mazungumzo, hawakuangalia ndani. Mimi nilikuwa naangalia. Likifika kwa Eliya maji yalikuwa meusi, na nilikuwa nayaona kila siku. Ningeweza kuyamwaga nikaomba mengine. Nilikuwa na njaa, nataka tuanze kula.

Nilikuwa mtoto, najua. Mnaweza kuniambia hivyo, hata mimi hujiambia.

Nilichojifunza ni kidogo: usafi wa chakula unaanzia kwenye mkono wa yule asiyeweza kulalamika. Mtazameni huyo kwanza.

Wenye ya kwenu semeni, nasoma yote, hata ya kunilaumu. Na kama mnaona Tumaini anastahili kuambiwa, niambieni nianzie wapi.