Gari Lililolala Njaa

Siku wazee wetu walipokwenda kuniombea mke, niliingia kwa wakwe nimeshika usukani wa pikapu inayovutwa na ng'ombe wawili wa baba mkwe. Hata kuandika naona aibu.

Chanzo ni hesabu. Pikapu ilikuwa kuukuu, geji ya mafuta imekufa, na mimi napenda kujua mambo, kwa hiyo nilijaza tangi kwetu Boito mpaka shingoni, nikateremka Bomet peke yangu nikiweka gia fri, gari lijiteremkie lenyewe, kila penye mteremko (na karibu njia yote ni mteremko), nikajaza tena, nikagawanya: kilomita kumi na nane kwa lita! Nilimtangazia kila mtu, hata nje ya kanisa.

Basi siku ya koito, siku ya kuposa, nikatia lita za hesabu hiyo tu, nikabeba wazee watano. Tulipofika Bomet baba mdogo akasema, "Kipkoech, ongeza mafuta hata kidogo."

"Hesabu inatosha, baba mdogo."

(Pesa nilikuwa nazo. Nilitaka tu waone hesabu yangu ni ya kweli.)

Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya Siongiroi ni tope tupu, kila kilima nakipanda kwa gia ya kwanza, na tulipoanza tu kuona mabati ya kina Chebet, msichana niliyekuwa namposa, injini ikakohoa, ikanyamaza. Wazee wakashuka na suti zao wakasukuma, baba mdogo akaanguka magoti topeni, watoto wakakimbia mbele kupeleka habari, kisha ng'ombe wakaletwa na kamba.

Ndani, mjomba wa Chebet hakunitazama. Aliwaambia wazee wangu, "Hii gari imelala njaa kwake. Sasa msichana wetu akienda huko atakula nini? Hesabu?"

Nyumba nzima ilicheka, wazee wangu pia, isipokuwa baba mdogo aliyekuwa akikwangua tope kwenye suruali. Tukaambiwa tungoje jibu. Halikuja, na baadaye Chebet akaolewa upande wa Sotik.

Tangu hapo mtu akiniuliza gari langu linakula kiasi gani, nasema sijui, na siondoki nyumbani kabla ya kujaza tangi. Lakini kicheko kile kilipopasuka, Chebet alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa akilia au akicheka pamoja nao.