Git niliyomwambia asubiri hadi somo la nane

Wengi wanaoanza kuandika programu kwa msaada wa AI hukosea hapa: wanadhani Git, inayotunza kila toleo la kazi yako, ni ya waliobobea.

Mama Neema hakudhani hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Ni fundi cherehani wa hapa Bagara, nami namfundisha kuandika programu. Kwa wiki tatu ametengeneza programu ya kukadiria kitambaa cha nguo. Leo saa tisa anaionyesha kwa kikundi chao cha ushonaji.

Aliwahi kuniuliza jinsi ya kutunza matoleo ya zamani. Nikamjibu kiualimu: "Hilo ni somo la nane."

Asubuhi ameiomba AI ibadilishe rangi ya kitufe. Kitufe tu! Ikaandika upya mpaka hesabu. Gauni la mtoto likataka mita kumi na moja.

"Shikamoo Mwalimu. Nairudishaje ile ya jana?"

"Marahaba..."

Kisha nikamwambia ukweli. Ya jana haipo popote.

"Basi nitawaambia bado tuko somo la tatu," akasema, akacheka kidogo.

Afadhali angenigombeza.

Walimu wenzangu, nisemeni.

Nawe unayejifunza, programu yako ikiwa bado inafanya kazi, iweke kwenye Git leo, kabla AI haijagusa mstari mwingine.