Kiingereza cha Migombani

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mjerumani, nilikabidhiwa darasa la kuta za mianzi kule Ngana. Kiingereza nilikuwa nimekwisha kukipata ng'ambo ya mto Songwe, kwa Waingereza. Msimamizi wa misheni, Mjerumani mkali, akaniambia: "Wafundishe hawa wanaofanya biashara ng'ambo. Nitakuja kuwapima. Wasipojua, nafunga darasa." Nami kijana wa kujidai, nikaitikia kwa mbwembwe.

Kilichotutoa jasho ni wakati uliopita timilifu, yaani jambo lililokwisha kabla jambo jingine la zamani halijatokea. Nilikuwa nawauliza, "Mvua iliponyesha, mpunga ulikuwaje?" Wanajibu, "Tulikuwa tumekwisha kuuvuna!" Haya, ndiyo hiyo hiyo, tieni "had" twende. Aliyeishika upesi ni Tupokigwe, mfinyanzi wa Ikombe aliyeolewa pale Ngana. Huyo ndiye niliyemtegemea, na sifa zake nilikuwa nimekwisha kumpelekea Msimamizi.

Siku ya kupimwa, tukasikia kikohozi nje. Lo! Baba mkwe wa Tupokigwe huyo, anamletea mgeni wetu Msimamizi mkungu wa ndizi. Na kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake, hata kwa bahati mbaya. Tupokigwe akaruka dirishani, akatokomea migombani. Mzee akaingia, akaketi. Ndipo akaingia Msimamizi.

"Yuko wapi yule hodari wako?"

"Ametoka, Bwana."

"Amenikimbia! Basi, darasa nalifunga leo."

Mara mvuvi mmoja, mwanafunzi wangu, akasimama: "When you came, she had gone." Yaani, ulipofika alikuwa amekwisha kuondoka. Mzee naye akadakia, kifua mbele: "Kanikimbia mimi! Mkwe wangu ana adabu."

Msimamizi alicheka mpaka akashika meza. "Basi na ajibu huko huko aliko!" Akauliza kwa sauti kubwa, Tupokigwe akajibu kutoka migombani, swali kwa swali, bila kukwama. Mzee kainamisha kichwa, anasikiliza. Darasa likapona, na zile ndizi tukazila siku ile ile.

Baadaye nilipelekwa Makwale, kisha Ikombe, mpaka nikastaafu na mvi zangu. Ninyi vijana mnaoikimbia sarufi, sisi ilituchekesha! Siku ya kuagwa kwangu Tupokigwe alikuja na chungu kipya. "Ndaga fijo, mwalimu," akanishukuru. Baba mkwe wake alikuwa amekwisha kufariki, na maisha yao yote hawakuwahi kutazamana usoni. Lakini kabla hajafa, alikuwa amewaita wajukuu kitandani pake: "Mama yenu anajua Kiingereza. Sikumwona, ila nilimsikia kwa masikio yangu haya."