Jalada Jekundu

Kila anapowasha kompyuta, Loretta, karani wa mahakama ya kaunti pale Texas, humkumbuka yule karani mzee aliyefanya naye kazi zamani. Majalada ya manjano, ya makosa madogo, aliyagonga mhuri amekaa, akitafuna karanga. Jekundu, la makosa yanayomfunga mtu miaka mingi, lilimwinua kitini. Alivua kwanza kofia yake pana, ndipo akagonga.

Siku moja likaja la mjukuu wake, aliyeiba ndama.

"Mzee, ndama mmoja tu," Loretta alimnong'oneza. "Mpe la manjano, nani atajua?"

"Mwizi wa ng'ombe ni jekundu, binti yangu. Hata akiwa wangu."

Alisimama, akavua kofia, akagonga. Hakuketi tena hadi jioni.

Siku hizi majalada yamo kwenye kompyuta, hayana rangi. Likitokea la kumpeleka mtu gerezani miaka, Loretta hujikuta amesimama.