Jivu la Mzee Wangu Angani

Mzee niliyemtunza Louisville, Marekani, aliogopa hata kusimama juu ya kiti. Kila balbu ilipoungua nyumbani kwake, kule South End, nilipanda mimi, naye akawa ananifokea nishuke kabla sijavunja shingo. Ndege aliwahi kupanda ujanani, akiwa askari, akaapa kutorudia. Mkewe alikuwa amezikwa Buffalo, mji walikokulia wote wawili, na alichotaka ni kulazwa kando yake basi. Aliniambia hivyo nikimvalisha soksi. Alimwambia na binti yake kwa simu, mbele yangu.

"Sawa, baba," binti akajibu.

Binti huyo aliishi Columbus, karibu na chuo kikuu. Alikuwa akija Krismasi, anakunywa kahawa bila kuvua koti, anaondoka.

Mzee alipofariki, binti aliamuru achomwe. Kwetu Kongo, milimani Kivu ya Kusini, maiti haichomwi, lakini kila watu na desturi zao. Kisha akanipigia kunialika Columbus. Kulikuwa na kampuni ambayo ingerusha jivu la baba yake angani kwa roketi, na alitaka familia yote iwepo. Mtu ambaye hakuwahi hata kuniuliza kama nina watoto, leo ananiita familia!

Nilimpigia kaka yangu anayeishi Buffalo.

"Bon, dada, banamutuma wapi?"

"Angani. Atazunguka dunia."

"Anaenda kufanya nini kule?"

Nikamwambia nitauliza nikifika.

Nilienda kwa ajili ya mzee. Sebuleni nilikuta wageni na bilauri za divai mbele ya televisheni kubwa. Mjumbe wa kampuni, mwanamume wa makamo mwenye suti na raba nyeupe, alisimama kama mhubiri, ila Mungu hakumtaja.

"Leo baba yetu anarudi kwenye nyota," alisema.

Baba yetu! Hakuwahi kumbadilishia hata shuka.

Akatuonyesha kichupa mfano wa kile kilichobeba jivu. Hakikuzidi kifuniko cha kalamu.

"Mzee mzima ameingia humo?" nikauliza.

"Ni sehemu ndogo tu, mama. Ni ishara."

"Na atakaa huko siku zote?"

"Atazunguka kwa muda, kisha atashuka na kuwaka kama kimondo. Ni jambo zuri mno."

"Kwa hiyo mtamchoma tena."

Hakuna aliyecheka. Binti alinitazama kana kwamba nimemwaga divai kwenye zulia lake.

Roketi iliporuka walipiga makofi, wakakumbatiana, wakalia. Mjumbe hakusubiri machozi yakauke. Alipita akigawa kadi zake, akianza na wenye fimbo, na nikamwona akiinama kumnong'oneza bibi mmoja aliyekuwa na mrija wa oksijeni puani. Nimewahi kuona tai wenye subira kuliko yule bwana.

Nikamfuata binti jikoni. "Na mzee aliyebaki yuko wapi?"

"Aliyebaki?"

"Ambaye hakuenea kwenye kichupa."

"Gereji, nadhani."

Tulimkuta kwenye rafu, ndani ya boksi la plastiki, kati ya kopo la rangi na mfuko wa mbolea ya maua. Nikalichukua. Lilikuwa zito.

"Nipe nimpeleke kwa mama yako."

Nilidhani angekasirika. Badala yake alishusha pumzi. "Kweli ungeweza? Mimi nina mambo mengi sana. Tena nilidhani yale yalikuwa maneno ya uzee tu."

Maneno ya uzee! Mtu anaomba kulala kando ya mkewe, wao wanaona akili imemruka. Wanafunga jivu kwenye kichupa na kukirusha mawinguni, hao ndio wenye akili.

Alipiga simu makaburini kutoa idhini. Hilo aliliweza. Nikafunga safari ya Buffalo, boksi likiwa kiti cha mbele, nimelifunga mkanda.

Mlinzi wa makaburi alituchimbia shimo kando ya jiwe la mkewe. Kaka yangu aliomba kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee hakujua hata neno lake moja. Binti alitaka kushiriki kwa simu ya video, basi nikaishikilia juu kuelekea kaburini. Katikati ya sala akasema, "Samahani, kuna mtu ananipigia," akakata. Kaka hakufumbua macho. Aliendelea mpaka amina, kisha tukafukia kwa mikono yetu.

Jioni, kwa kaka kule mtaa wa Bailey, shemeji yangu alikuwa ameandaa sombe, kisamvu cha kwetu, na ugali. Ujumbe wa kampuni ukaingia kwenye simu yangu: mpendwa wetu alikuwa anapita juu ya Australia, na je, ningependa kujua zaidi kuhusu safari yangu mwenyewe?

Kaka aliusoma kwa sauti, akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Niliufuta, nikaenda kunawa mikono.