Meza ya Mlingoti na Kigoda

Wapwa zangu, mimi nimeendesha gari la kiwanda cha kufulia tangu meneja wa sasa hajaota ndevu, na sijawahi kukwaruza mlango. Ule mmoja uliokwaruzika, ukuta ndio ulioufuata. Shule na mimi tuliachana mapema tena kwa amani, lakini kusimulia sijamwachia mtu. Leo nawapa habari za Shangazi wa chumba cha kukunjia, kwa sababu wengi wanazisimulia vibaya.

Pale kazini Shangazi hana ndugu hata mmoja, lakini ni shangazi wa wote. Ni mrefu wa kuinamia milango, ndiyo maana zamani tulimwita Mlingoti. Alilea watoto wa marehemu kaka yake kwa mshahara wa kukunja shuka. Mmoja wao alipopata kazi ya kuvaa tai, akamwambia aache kazi ile, inamwaibisha. Shangazi akamtazama. "Haya mwanangu. Basi leo lala bila shuka." Yule kijana hakurudia.

Sasa, shuka kubwa za hoteli na hospitali hazikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, kila mtu na pembe zake mbili, mnaivuta ikanyooka. Mmoja anabaki mahali pake na kuita, "Njoo." Mwingine anamwendea, vidole vinapokezana pembe, anarudi nyuma, anaitwa tena. Kutwa nzima, njoo, njoo. Ukiwaona kwa mbali utadhani ni watu wawili wanaosalimiana bila kuchoka.

Mwenzake Shangazi alikuwa mama mmoja mfupi, mcheshi, tuliyemwita Kigoda. Ili shuka isiburute sakafuni, Kigoda alisimama juu ya kreti ya sabuni, akaita kutoka kule juu kama mfalme. Shuka ikishakunjwa aliichomoa pembe moja kidogo, ikachomoza kama sikio la paka, ili mtandikaji kule hotelini asihangaike kutafuta ncha. Mimi nikipakia mizigo nilijua zipi ni zao kwa lile sikio tu. Na wale wawili walivyokuwa wanachekana, hata mashine ilikuwa haisikiki.

"Njoo, Mlingoti, usije ukagonga taa."

"Nakuja. Wewe angalia usianguke kwenye jengo lako."

Kisha Kigoda akaugua homa, akalazwa, na hakutoka. Alifia katika hospitali ambayo shuka zake tunafua sisi. Mimi ndiye niliyezileta zile chafu wiki ile, na sikuambiwa alilalia ipi. Mumewe, ambaye sote twamwita Shemeji, anafanya kazi katika chumba cha nyuma, anachambua nguo chafu kabla hazijaingia mashineni. Naye hakuambiwa. Tangu siku hiyo wenzake wanazirusha shuka za hospitali, yeye anazishika taratibu, zote, kwa vile hajui ni ipi. Chumba cha kukunjia hakukanyaga tena.

Shangazi alikataa kupewa mwenzake mpya. Alipigilia misumari miwili ukutani, juu ya ile kreti, akawa anatundika pembe mbili pale na kushika zake mbili. Anarudi nyuma, anaivuta shuka ikanyooka. Halafu anangoja.

Hapo ndipo penyewe. Anangoja kidogo tu, kiasi cha mtu kusema "njoo", kisha anatembea. Kila shuka, hivyohivyo. Meza nyingine zote wakaanza kuusikia ule ukimya. Shangazi akisimama, nao mikono inasimama. Ukiingia pale na toroli lako unajikuta umezuia pumzi, hata mimi, mtu niliyelala garini makaburini bila blanketi. Mfagiaji akawa anafagia kuizunguka kreti. Hakuna aliyemwagiza.

Msimu wa sikukuu ukafika, hoteli zikajaa, shuka zikatulemea mpaka shingoni, na kazi haiendi. Meneja, kijana mwenye roho nzuri na viatu vya kelele, akasema morali imeshuka. Hakukosea. Akaleta maputo, akaleta riboni za karatasi, akagawa kofia nyekundu mbilimbili kwa kila meza. Shangazi akavaa yake bila kutabasamu, ya pili akaiweka juu ya kreti.

Kesho yake Meneja akaleta spika ya muziki. Akaangaza huku na huku, akaona kreti iko tupu, akaitoa kofia, akaiweka spika pale. Chumba kizima kikakauka. Shangazi akaacha shuka yake, akaja, akaibeba ile spika kama mtu anayebeba mtoto wa watu aliyelala, akaiweka sakafuni. Kofia akairudisha.

"Nimekosea nini?" Meneja akauliza kwa sauti ndogo.

"Hujakosea kitu, baba. Hapo pana mtu."

Meneja akaiokota spika yake, akaenda ofisini. Alasiri akatuita wote, akatangaza kwamba Ijumaa, siku ya kufunga mwaka, kutakuwa na mashindano ya kukunja kwa jozi, na kapu la zawadi kwa washindi. Mwaka mpya kila meza iwe na watu wawili. Asiyekuwa na mwenzake atahamia chumba cha nyuma kuchambua nguo chafu, na meza yake itapangwa upya.

"Shangazi, usione ni adhabu," akasema. "Nataka tuwe pamoja tu. Ukiwa peke yako pale, wote wanakuwa peke yao."

"Na kreti?"

"Kreti ni ya sabuni, Shangazi. Itarudi stoo."

Shangazi akaitika kwa kichwa. Lakini mimi nilimwona, wapwa zangu, akirudi mezani na kuikunja shuka upande, kosa ambalo hakulifanya hata wiki ile alipomzika kaka yake. Kwenda chumba cha nyuma angekwenda, kazi ni kazi. Aliyekuwa anamwacha pale ukutani ndiye aliyemuuma.

Mnanijua mimi, neno likiingia sikioni halilali njaa. Niliposhusha mizigo ya hospitali nikamkuta Shemeji ameinamia gunia lake.

"Shemeji, umesikia? Kreti ya mkeo inaondolewa."

Akatoa shuka moja, akaiweka. Akatoa nyingine.

"Nasema inaondolewa. Shangazi hana mwenzake."

"Mjomba," akasema, "gari lako umeliacha linaunguruma."

Nikaondoka kwa hasira. Nikajisemea, huyu naye kaoza moyo.

Ijumaa tukakusanyika, kofia vichwani, kila jozi na rundo lake. Muziki ukapigwa. Watu wakaanza kuchekacheka, na nikiri, ilipendeza. Shangazi akatundika shuka ya kwanza kwenye misumari. Akarudi nyuma. Akageuka kwa Meneja.

"Baba, zima kidogo huo muziki. Sisikii."

"Husikii nini, Shangazi?"

Shangazi akaikazia macho kreti. Meneja akazima.

Ukimya ukaingia chumbani, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Shemeji akaingia, glavu amevua, mikono ameinawa mpaka kwenye viwiko, inanuka dawa. Akapita katikati ya meza kana kwamba sisi ni makabati. Akatoa pembe za shuka kwenye misumari, akazishika.

"Shemeji, utaichafua," Shangazi akasema.

"Nimenawa."

"Hii kazi unaiweza?"

"Unadhani aliniacha nipumzike? Kila jioni ananisimamisha, yeye juu ya kiti, mimi chini, tunakunja. Tuna kitanda kimoja, lakini shuka nimekunja za kutosha hospitali."

Watu wakacheka, na Shangazi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Shemeji akaangalia ile kofia kwenye kreti. "Hii ya nani?"

"Yake."

Akaiacha. Akasimama pembeni ya kreti, akakunja magoti kidogo. Ni mrefu naye, ila amezoea kuinama upande wa mkewe. Wakaivuta shuka ikanyooka.

"Haya, ita," Shangazi akasema.

"Niite mimi? Nyumbani alikuwa anaita yeye. Ita wewe."

"Hata hapa alikuwa anaita yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenda."

"Na mimi hivyohivyo."

Basi wakabaki wanatazamana, shuka nyeupe katikati yao, kila mmoja anangoja kuitwa. Jozi nyingine zikasahau mashindano. Meneja alikuwa ameshika riboni mkononi. Nilisikia boila kule nje, nilisikia matone ya bomba. Sikusikia kingine. Nawaambia hivyo kwa sababu wapo wanaodai walisikia, na mimi masikio yangu ni mazima.

Halafu wote wawili wakaanza kutembea. Kwa pamoja, hatua kwa hatua, hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Wakakutana katikati, vidole vikapokezana pembe, wakarudi. Wakasimama. Wakaja tena.

Meneja akaninong'oneza, "Mjomba, nani ameita?"

"Wewe ndiye meneja," nikamjibu.

Walimaliza wa mwisho kabisa. Kapu likaenda kwa jozi ya dirishani, tukala, tukapiga kelele, kofia zikachanika. Siku ya kazi iliyofuata Shemeji alihamishiwa chumba cha kukunjia kwa amri ya Meneja mwenyewe. Kreti haikwenda stoo, na spika haijapigwa tena katika chumba kile. Kazi ikarudi kuwa kazi. Watu wakaanza kutaniana, mikono ikawa haisimami, hata wale wawili wanaponyamaza na kungoja kabla ya kuendeana.

Ningewaachia hapo mngelala vizuri. Lakini asubuhi moja napakia mizigo ya hoteli nikaona shuka ina sikio. Nikainua nyingine, sikio. Rundo zima la meza yao, pembe moja imechomoza kama paka anayesikiliza.

Shemeji alikuwa nje anakunywa chai. "Hivi hili sikio umeanza kuliweka wewe?"

"Mimi? Vidole vyangu vinene hivi? Huyo ni Shangazi. Nimefurahi amekumbuka."

Nikaingia ndani. Shangazi alikuwa anafuta meza.

"Shangazi, sikio nani anaweka?"

"Shemeji. Lazima alifundishwa nyumbani. Namwona hasemi, na mimi simwulizi, nisije nikamtonesha." Akatabasamu. "Kwani yeye kasemaje?"

Wapwa zangu, mdomo wangu mnaujua. Umevunja uchumba wa watu na kuwatimua wapangaji wawili. Nikatazama kreti, kofia nyekundu bado iko juu yake, haina vumbi hata chembe.

"Hajasema kitu," nikamwambia, nikaenda kuwasha gari.