Mawe ya Wiki Nne

Fundi alitengeneza vyerehani vya watu kwa miaka thelathini na minane, mpaka macho yakagoma kuona tundu la sindano. Akafunga kibanda, akarudi nyumbani kula uzee na mkewe. Waliula miezi saba tu. Mkewe aliugua ghafla, akafariki, na nyumba ya vyumba viwili ikabaki na mtu mmoja na saa ya ukutani.

Mawe aliyaanza kama mchezo. Alichukua mota ya cherehani kuukuu, akaiunganisha kwa mkanda na kopo la rangi alilolivika mpira wa tairi kwa ndani. Humo alitia kokoto za mtoni, maji na mchanga mkali wa kusagia, akawasha. Kopo likazunguka kutwa kucha, kwaruu, kwaruu. Wiki ya kwanza mchanga mkali, ya pili laini, ya tatu laini zaidi, ya nne unga wa kung'arishia. Lilipotoka jiwe la kwanza, la kahawia lenye mishipa myeupe, linang'aa utadhani bado limelowa, aligeuka kumwonyesha mtu. Hakukuwa na mtu.

Jumapili moja bintiye alikuja kumjulia hali.

"Baba, hiyo kelele ya nini?"

"Mawe, mwanangu. Yako wiki ya pili."

Binti akazima swichi ili waongee. Kimya kilichoingia kilimsahaulisha fundi alichotaka kusema.

"Hapa mwishowe utaanza kupiga soga na mawe. Njoo ukae kwetu."

"Na haya nimwachie nani?"

"Baba! Kwani mawe yanakula?"

Wakacheka, ila binti alicheka akitazama pembeni. Fundi akafungasha nguo.

Kule walimpokea kwa mikono miwili: chumba chake, shuka mpya. Lakini kila asubuhi nyumba nzima ilitoka mbio, wakubwa kazini, wajukuu shuleni, naye akabaki na televisheni. Jioni walirudi hoi, kila mmoja na simu yake. Mkwewe hakukosa kumuuliza, "Umeshindaje, baba?" Fundi alijibu, "Salama," maana hakuwa na jingine la kusimulia. Siku ya kumi na mbili akaaga. Binti hakumbishia sana, na hilo ndilo lililomuuma.

Alipofika kwake alifungua kopo. Alikuwa amesahau kumwaga ule uji wa mchanga. Ulikuwa umekauka na kushikana na mawe, yote bonge moja kama zege. Akakaa kibarazani na patasi na nyundo ndogo, akayachokoa moja moja. Manne yalipasuka. Yaliyobaki aliyaosha, akayarudisha kwenye mchanga mkali, wiki ya kwanza.

Jumamosi bintiye alipiga simu. Aliuliza afya, akauliza kama anakula.

"Na mawe yako?"

Binti hakuwa amewahi kuyaulizia. Fundi akamweleza habari za zege, za patasi, za jiwe moja la kijani ambalo hakujua kama lilikuwa na rangi ile mpaka lilipopasuka. Alikuwa katikati ya maneno aliposikia mjukuu akimwita mama yake kule.

"Subiri baba, nakupigia sasa hivi."

Alikaa na simu mapajani mpaka jua likahama kibarazani. Haikuita. Akanyanyuka, akaenda kuanua shati lake kambani.